TOAZI LILINUNULIWA LILIE, SI LING'AE TU



Leo nataka tuzungumze juu ya matoazi. Yale masahani ya shaba yanayosimama juu ya ngoma pale kando ya madhabahu, ambayo vijana wetu wa sifa huyaita simbali. Najua kuna mtu ameshaanza kusema, "Hii si yangu, mimi si mwanamuziki," na anataka kupita. Ngoja kidogo, mpendwa. Jambo hili linagusa sadaka yako, na linagusa mtoto wako anayekaa nyuma ya zile ngoma kila Jumapili.

Hebu nikuulize. Wageni wakitangazwa kwamba wanakuja, askofu anakuja, au tuna mkutano mkubwa mwezi wa Agosti, ni nini hutokea kanisani? Tunadeki. Tunapaka rangi. Tunafua mapazia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na ni kweli, kanisa hupona vumbi siku hiyo. Halafu mtu mmoja anatazama zile ngoma na kusema, "Aki haya matoazi yamekuwa meusi hivi? Vijana, yasugueni yang'ae!"

Na vijana wetu ni watiifu. Wanachukua waya wa kusugulia sufuria. Wanachukua jivu, au mchanga laini, au msasa uliobaki kwa fundi wa viti. Nimeona mahali ambapo toazi lilipelekwa kwa fundi wa jua kali likapitishwa kwenye mashine ya kung'arishia vyuma. Jioni yake linang'aa kama kioo na kila mtu anapiga makofi. Jumapili kijana analipiga, na sauti si ile tena. Lakini hakuna anayeuliza, kwa sababu macho yameshiba.

Hapo ndipo nina neno. Msimamo wangu ni huu, na nitausema wazi: MATOAZI YA KANISA YAOSHWE MARA NYINGI, YANG'ARISHWE MARA CHACHE, NA YASISUGULIWE KWA WAYA HATA SIKU MOJA. Ukikataa, sikiliza kwanza sababu.

Toazi ni nini hasa?

Toazi zuri si bati la paa lililokatwa mviringo. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na madini ya bati (si mabati ya nyumba, yale ni chuma). Matoazi mengi ya hali ya juu huwa na shaba nyekundu asilimia 80 na bati asilimia 20. Mengine huwa na 92 kwa 8. Yale ya bei nafuu, yanayokuja na seti ya kuanzia, mara nyingi ni shaba iliyochanganywa na zinki, kama kitasa cha mlango.

Kazi hii ni ya zamani sana. Mwaka 1623, kule Istanbul, Muarmenia aitwaye Avedis alianzisha karakana yake ya kutengeneza matoazi, na familia yake ikaitwa Zildjian, jina linalotokana na kazi hiyo hiyo ya kufua matoazi. Mwaka 1929 kazi ikaanza Marekani, na mpaka leo utaona jina hilo limeandikwa juu ya matoazi katika makanisa mengi. Karne nne, mpendwa! Chuma kinapashwa moto, kinabanwa kuwa bamba, kinapigwa nyundo, halafu kinachongwa kwa mashine inayozunguka mpaka kinabaki na ile mistari midogo midogo ya mviringo.

Shika toazi leo, upitishe ukucha wako kutoka katikati kwenda ukingoni. Utasikia ile mistari. Hiyo si mapambo. Ile mistari, zile alama za nyundo, na ule unene unaopungua kuelekea ukingoni, ndivyo vinavyofanya toazi moja livume kwa muda mrefu na lingine lilie kwa ukali na kunyamaza haraka. Sauti imeandikwa pale juu ya ngozi ya shaba.

Sasa wewe unakuja na waya wa sufuria. Unafuta nini? Uchafu, ndiyo. Lakini pamoja na uchafu unaondoa shaba yenyewe. Kila ukisugua, toazi linapungua kidogo. Ile mistari inalainika. Na hakuna duka linalouza shaba ya kurudishia. Ile mashine ya fundi nayo inazunguka kwa kasi na kupasha toazi moto, na moto usiopangwa hubadilisha ugumu wa shaba uliowekwa kule kiwandani kwa ustadi.

Fundi wa jua kali ni mtu wa maana sana katika nchi hii, simdharau. Ametutengenezea milango, viti na hata mimbari. Lakini umpelekee kazi ya mlango.

Ule weusi ni nini?

Usiogope kila weusi. Shaba ikikaa hewani hubadilika rangi yenyewe, kutoka ile ya dhahabu kuwa ya kahawia. Ni kama shilingi ya zamani. Hilo peke yake si ugonjwa. Tena wako wapiga ngoma, hata wale wakubwa duniani, wanaopenda toazi lililozeeka, kwa sababu sauti yake ni ya upole zaidi. Wanalinunua kwa pesa nyingi na hawaligusi.

Uchafu wenyewe ni wa namna nne.

Kwanza ni vumbi. Sisi tunaoabudu kwenye mahema na majengo ya mabati tunalijua. Vumbi likikaa ndani ya ile mistari na kuchanganyika na mafuta, sauti ya juu ya toazi inafifia. Toazi linakuwa kama mtu anayeimba akiwa amefunika mdomo kwa leso.

Pili ni jasho la vidole. Jasho lina chumvi na mafuta. Ukishika toazi kwa mkono mtupu na usilifute, baada ya majuma machache utaona alama za vidole vyako zimechorwa pale kama kitambulisho.

Tatu ni alama za vijiti. Watu wengi hudhani ni mikwaruzo. La! Nyingi ni unga wa mti uliobaki juu ya shaba baada ya kijiti kupiga. Zinatoka kwa sabuni. Mtu anachukua msasa kuondoa kitu ambacho sabuni ya vyombo ingeondoa kwa dakika tano!

Nne ni kutu ya kijani. Hii ndiyo ya kuangalia. Inakuja kwa unyevu na chumvi, na ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaipata upesi kwa sababu ya hewa ya bahari. Lakini hata huku bara itakuja, ukiweka toazi bichi ndani ya mfuko wa plastiki baada ya mkutano wa nje ulionyeshewa mvua.

Sasa tuoshe

Kijana wangu wa ngoma, hii sehemu ni yako. Ihifadhi kwenye simu.

1. Litoe toazi kwenye stendi. Usilioshe likiwa limesimama. Weka taulo nene mezani, ulilaze juu yake, lisikae juu ya saruji.

2. Chukua maji ya uvuguvugu, si ya moto, na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Si sabuni ya unga. Ile ina chembe zinazokwaruza, na ni kali.

3. Tumia kitambaa laini cha pamba. Fulana kuukuu inatosha. Futa kwa kufuata mistari, kuzunguka, kama mkono wa saa. Usifute kukata mistari kutoka katikati kwenda nje.

4. Pale penye jina la kiwanda, pita kwa upole. Ile ni wino tu. Ukisugua itatoka, na siku kanisa likitaka kuliuza toazi hilo ili linunue lingine, mnunuzi atauliza ni la nani na hutakuwa na jibu.

5. Suuza kwa maji safi mpaka sabuni yote itoke. Geuza, osha upande wa chini pia. Upande wa chini husahauliwa kama chini ya kitanda.

6. Kausha pale pale kwa kitambaa kingine kikavu. Usiache maji yakauke yenyewe juani, yataacha madoa. Kwenye lile tundu la katikati, kausha vizuri.

7. Rudisha ukishika kwa ukingo, na kitambaa mkononi.

Kwa toazi moja kazi hii haifiki hata robo saa. Kwa seti nzima, ni Jumamosi moja baada ya mazoezi. Ukifanya hivi kila mwezi, na kila Jumapili ukafuta kwa kitambaa kikavu baada ya ibada, nakuambia hutakuja kuhitaji waya wa sufuria maisha yako yote.

"Na ndimu je, Pasta?" Najua mtauliza. Mama zetu wa pwani wamesafisha mabirika ya shaba kwa ndimu na ukwaju tangu zamani, na yaling'aa. Ni kweli kabisa. Asidi ya ndimu huyeyusha ule weusi. Kwa hiyo kama toazi limechakaa sana, na sabuni imeshindwa, unaweza kupaka maji ya ndimu kwa kitambaa, sehemu ndogo kwanza upande wa chini, uone. Dakika chache tu, halafu usuuze kwa maji mengi na kukausha. Ukiiacha ndimu ikalala usiku kucha, utaamka ukute madoa mekundu mekundu. Birika la kahawa halijali, toazi linajali.

Na kabla ya ndimu au dawa yoyote, angalia kama toazi limepakwa vanishi ya kinga kiwandani. Mengi mapya huja nayo. Ukiondoa nusu na kuacha nusu, litakuwa na mabaka kama ukuta uliopakwa chokaa na mtu mvivu. Zile dawa za dukani za kung'arishia vitasa na vifungo vya sare nyingi zina unga wa kukwaruza ndani yake. Kama ni lazima ung'arishe, watengenezaji wa matoazi huuza dawa yao wenyewe. Soma maagizo, kwa sababu toazi lililotoka kiwandani likiwa linang'aa na lile lililotoka likiwa limefifia hayasafishwi sawa. Lile lililofifia halikutengenezwa ling'ae. Usililazimishe.

"Lakini Pasta, nyumba ya Mungu iwe chafu?"

Hapana. Na nisieleweke vibaya. Neno halichukii shaba inayong'aa. Ukisoma 1 Wafalme 7:45 utaona vyombo alivyovitengeneza Hiramu kwa ajili ya hekalu la Sulemani vilikuwa vya shaba iliyong'arishwa. Lakini viangalie ni vyombo gani: masufuria, majembe na mabakuli. Vyombo vya majivu na vya damu ya sadaka. Kazi yake ilikuwa kubeba, na kung'aa hakukuvizuia kubeba.

Toazi lina kazi nyingine. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15:19, Daudi alipoleta sanduku, Hemani, Asafu na Ethani walipewa matoazi ya shaba ili sauti isikike. Isikike! Na Zaburi ya 150 inataja matoazi mara mbili katika mstari mmoja, na mara zote mbili yanatajwa kwa mlio wake. Rangi haijatajwa.

Kwa hiyo nikiona kanisa limekwaruza sauti ili lipate mng'ao wa kuonyesha wageni, ninajiuliza kama tumesahau kwa nini tulinunua kile chombo. Wewe ulitoa ahadi kwenye harambee ya vyombo. Mama mmoja anayeuza mboga alitoa noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne. Toazi moja zuri linaweza kugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Kulisugua mpaka likawa bamba la kawaida ni kuitupa ile noti ya mama, hata kama siku ile lilipendeza kwenye picha.

Na tusidanganyane. Ni rahisi kutunza kinachoonekana na kamera. Nyaya zilizochubuka nyuma ya spika hazipigwi picha, kwa hiyo hazitengenezwi. Toazi linapigwa picha, kwa hiyo linasuguliwa. Tunahitaji wazee na mashemasi wanaouliza, "Linasikikaje?" kabla ya kuuliza, "Linaonekanaje?"

Kinachoua matoazi kuliko weusi

Wakati tunahangaika na rangi, kuna kitu kingine kinaendelea kimya kimya. UFA.

Toazi linapasuka kwa sababu limekazwa sana. Ile nati yenye masikio pale juu, vijana huikaza kama nati ya gurudumu la matatu. Toazi likipigwa linataka kuyumba. Likinyimwa nafasi ya kuyumba, nguvu yote inarudi ndani yake na siku moja linachanika. Kaza kidogo tu, liyumbe kwa uhuru.

Linapasuka pia kwa sababu zile pedi laini za feliti zimepotea, na kile kifuko cha plastiki kinachofunika chuma cha stendi kimekwisha. Shaba inasaga chuma, na tundu la katikati linakuwa refu kama tundu la ufunguo. Vitu hivi viwili ni vya bei ndogo sana. Tunanunua maua ya plastiki ya madhabahu na tunakosa pedi ya feliti?

Linapasuka kwa sababu linapigwa ukingoni kama mtu anayekata kuni. Linapasuka kwa kuangushwa sakafuni, na kwa kusafirishwa nyuma ya pikipiki bila mfuko tukienda mkutano wa nje.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa toazi, hata huo ukuta hutajenga. Ukilichomelea, moto wa kuchomelea unaharibu shaba ya pembeni yake. Mafundi wanaojua hutoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, au hukata kile kipande, na mara nyingine toazi huishi miaka mingine. Lakini sauti ya kwanza hairudi. Kwa hiyo kila unapoosha, pitisha kidole taratibu ukingoni na kuzunguka tundu. Ukihisi mahali pamekatika, mwambie kiongozi siku hiyo hiyo. Usifiche.

Kijana asilaumiwe peke yake

Hapa ninaongea na sisi wazee. Kijana wa miaka kumi na sita anapiga ngoma kila Jumapili bila malipo. Hakuna aliyemfundisha kuosha toazi. Hakuna aliyemnunulia hata kitambaa. Siku toazi likipasuka tunamwita ofisini! Je, huyo tumemlea au tumemvizia?

Katika Hesabu sura ya 4, hema lilipohamishwa, wana wa Merari waliandikiwa vyombo vyao kwa majina. Kila mtu alijua mti gani ni wake na kigingi gani ni chake. Hapakuwa na "nilidhani fulani amebeba." Nasi tufanye hivyo. Chukua daftari la shilingi hamsini. Andika kila toazi, lilinunuliwa lini, na nani analitunza. Andika siku liliposafishwa. Weka pamoja na daftari vitambaa viwili, chupa ndogo ya sabuni, pedi za akiba, na mfuko wa kubebea. Gharama yake yote ni ndogo kuliko soda za kikao kimoja cha kamati.

Na mtu amfundishe kijana, naye amfundishe mdogo wake. Asafu alipiga matoazi siku za Daudi. Zaidi ya miaka mia nne baadaye, katika Ezra 3:10, msingi wa hekalu unawekwa tena, na waliosimama na matoazi ni wana wa Asafu. Watu walikuwa wamepelekwa utumwani na kurudi, na bado nyumba moja ilikuwa inajua kazi yake. Kazi hiyo haikukaa kwao kwa bahati.

Mpendwa, Jumamosi hii fika kanisani kabla ya mazoezi kuisha. Mwombe kijana wa ngoma akuonyeshe matoazi. Usimkemee kwa weusi wake. Muulize kama ana kitambaa. Muulize pedi ziko wapi. Halafu mwambie apige moja, polepole, na usikilize mpaka sauti iishe yenyewe.

Kama umeelewa, andika AMINA hapo chini, kisha mtumie mpiga ngoma wa kanisa lako ujumbe huu, na mzee anayeshika pesa za vyombo pia.

Mbarikiwe sana. Tuonane Jumapili saa tatu kamili, saa za Mungu, si saa za Kiafrika.

Ni mimi, mchungaji wenu.